Usiuze mbuzi kwa ajili ya tanki la samaki, kwanza mlishe mtoto

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa Mugoma, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Nimemwomba ruhusa niujibu hapa gazetini, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Aliandika hivi:

“Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi sita. Kliniki wamempima mkono kwa ule utepe, ukasoma njano. Nesi akasema tumpe samaki na mboga za majani. Huku kwetu samaki ni wa kubahatisha. Nimeona kwenye simu watu wanafuga samaki kwenye tanki nyumbani na juu yake wanaotesha mboga. Kuna fundi ananiambia atanijengea kwa laki sita. Nina mbuzi watatu, nataka kuuza wawili. Naomba ushauri wako.”

Marahaba, baba. Jibu langu fupi ni kwamba usiuze mbuzi bado. Jibu refu ndiyo makala ya leo, na naomba lisomwe na kila mzazi aliyewahi kuambiwa “mpe samaki na mboga” kisha akarudi nyumbani akijiuliza atavipata wapi.

Mtoto wa njano hasubiri miezi minane

Utepe ule tunaozungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 una rangi tatu. Kijani ni salama. Njano ni sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5, maana yake mtoto ana utapiamlo wa kadiri. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na mtoto anapaswa kuanza matibabu siku hiyohiyo. Njano ni onyo. Mtoto wa njano akipata kuhara au malaria, anaweza kufika kwenye nyekundu ndani ya siku chache.

Sasa tazama kalenda ya tanki. Ukianza leo, unahitaji wiki nne hadi sita maji yakomae kabla ya kujaza samaki. Kisha sato huchukua miezi sita hadi minane kufikia gramu 300 kama maji yana joto la kutosha. Sato hukua vizuri kwenye maji ya nyuzijoto 27 hadi 30. Wewe unayeishi kwenye miinuko ya Ngara unajua baridi ya usiku ilivyo, kwa hiyo jiandae kusubiri zaidi ya hapo. Samaki wako wa kwanza ataingia sufuriani mtoto akiwa na zaidi ya miaka miwili.

Umri huo una maana kubwa. Siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo urefu wa mwili na ubongo hujengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Katika utafiti huo wa 2015/16 Kagera ilikuwa na zaidi ya 40. Mkoa wenye ndizi, maharage na parachichi! Kwa hiyo tatizo letu kubwa si shamba tupu. Ni kile kinachofika kwenye bakuli la mtoto, mara ngapi, na kizito kiasi gani.

Kwa mtoto huyu, mambo ya kuanza leo ni haya. Ale mara tatu hadi nne kwa siku, na kitu kidogo kati ya milo mara moja au mbili, kila mlo robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Uji uwe mzito, usiwe wa kumiminika kama maji. Tia karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta. Ndizi ziponde pamoja na maharage yaliyoiva sana. Parachichi lipo, mpe. Yai moja kwa siku likipatikana. Mama aendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Na dagaa. Dagaa waliokauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa mtoto anakula na mifupa yao, anapata na madini ya chokaa. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, si kwenye mchanga. Waoshe kwa maji ya moto, wakaushe, uwatwange wawe unga, kisha weka kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au kwenye mboga ya mtoto kila siku.

Halafu nikuulize, baba: kati ya mbuzi unaotaka kuuza, yupo anayenyonyesha? Maziwa yake, yakichemshwa vizuri, ni chakula cha mtoto wa umri huo pamoja na vyakula vingine. Usije ukauza chakula kilichopo nyumbani ili ununue kitakachokuja mwakani.

Mrudishe kliniki kwa tarehe uliyopewa. Usisubiri tarehe ukiona miguu yote miwili imevimba, amelegea, anakataa kula au kunyonya, anatapika kila kitu, au anapata degedege. Nenda hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Kokoto ni figo za tanki

Baada ya kusema hayo, sitaki nieleweke kuwa napinga tanki la samaki. Mfumo huu, ambao wataalamu huuita akwaponiki, ni kitu cha kweli. Samaki wanakaa kwenye tanki. Maji yao machafu yanapandishwa kwenye kitanda cha kokoto kilichooteshwa mboga. Mboga zinakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Maji yanazunguka yaleyale, unaongeza tu yaliyopotea kwa jua na kwa mimea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo mzima wa mifumo midogo ya namna hii mwaka 2014, na limewahi kuisimika juu ya mapaa ya nyumba huko Gaza, mahali ambapo ardhi na maji ni shida.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Miaka michache iliyopita niliweka tanki la lita 1,000 nyuma ya nyumba yangu, nikajaza maji, nikatia vifaranga 40 wa sato siku ya kwanza na kuwamwagia chakula kama mama anayemlisha mgeni. Siku ya tisa nilirudi kutoka zamu ya usiku nikawakuta wote wanaelea.

Niliona aibu kwa sababu ni kosa ambalo daktari hakupaswa kulifanya. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, kama sisi tunavyotoa taka za protini kupitia mkojo. Mtu ambaye figo zake zimekufa, taka hujaa kwenye damu na kumuua. Tanki langu halikuwa na figo. Figo za tanki ni bakteria wanaoishi juu ya kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Bakteria hao hawanunuliwi dukani wala hawaji kwa siku moja. Wanahitaji wiki nne hadi sita kuongezeka, na kwenye baridi wanachelewa zaidi. Fundi atakayekujengea Jumamosi na kukuletea vifaranga Jumapili, amekujengea kaburi la samaki.

Hesabu ya sahani

Video za kwenye simu hazifanyi hesabu ya sahani. Tuifanye sisi.

Tanki la lita 1,000 kwa mtu anayeanza lisizidi samaki 30. Wakifika gramu 300 kila mmoja, ni kilo 9. Ukitoa kichwa, mifupa na matumbo, nyama haizidi nusu, yaani haizidi kilo 4.5. Ukiwavua mmoja mmoja kwa miezi minane huku ukikuza wengine, unapata pungufu ya samaki mmoja kwa wiki. Kwa familia ya watu sita, hicho ni kitoweo cha kuonja.

Upande wa chakula cha samaki, kila kilo ya samaki huhitaji takribani kilo moja na nusu ya chakula. Kilo 9 zitakula kilo 13 hadi 14. Kama chakula hicho kina protini asilimia 30, umeingiza kilo nne za protini kwenye tanki na kutoa chini ya kilo moja kwenye nyama. Na sehemu ya protini ya vyakula vingi vya samaki na kuku hapa kwetu inatoka wapi? Kwenye dagaa. Kwa hiyo unanunua dagaa waliosagwa, unawapa sato, unasubiri miezi minane, kisha unampa mtoto robo ya ulichoweka. Mpe mtoto dagaa moja kwa moja.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo ina upande mzuri. Samaki hao 30, wakiwa wakubwa, hula kama gramu 135 kwa siku, na uchafu wao unatosha kulisha mita tatu za mraba za mboga za majani. Hapo kuna mchicha, sukuma wiki na chainizi vya kuchuma mara kadhaa kila wiki, kiangazi na masika, bila mama kutembea na ndoo kwenda kumwagilia bondeni. Mboga za kwanza unaweza kuzichuma ndani ya wiki nne hadi sita tangu uoteshe. Kwa hiyo mavuno halisi ya tanki ni mboga. Samaki ni nyongeza.

Na mboga na samaki wakikutana kwenye bakuli moja kuna faida ya ziada. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani hufyonzwa kwa shida na mwili. Samaki kidogo au dagaa, pamoja na limau au nyanya, huyasaidia kuingia kwenye damu. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Tia na mafuta kidogo, maana vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Ukiamua kuanza, anza na pipa

Baba wa Mugoma, mtoto akisharudi kijani na bado una hamu, usianze na laki sita. Anza na mapipa mawili ya plastiki ya lita 200.

Pipa la kwanza ni la samaki. Weka mahali penye kivuli na sakafu imara iliyosawazishwa. Lita 200 za maji ni kilo 200, na tanki la lita 1,000 ni tani nzima. Likiegemea vibaya linaweza kumwangukia mtu. Pipa la pili lipasue kwa urefu, nusu moja iwe kitanda cha mboga, na uiweke juu ya meza ya mbao imara. Toboa tundu chini yake, weka bomba dogo linalorudisha maji kwenye pipa la samaki. Jaza kokoto ndogo. Osha kokoto mpaka maji yatoke meupe. Kisha mwagia chache siki au maji ya limau. Zikitoa mapovu zina chokaa, zitaharibu maji, tafuta nyingine.

Usitumie kabisa pipa lililowahi kubeba dawa za kunyunyizia kahawa, dawa za mifugo au mafuta ya mashine. Plastiki hunywa sumu na kuitoa polepole. Usitumie pia mabati yenye zinki wala mabomba ya shaba ndani ya mfumo, ni sumu kwa samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili kabla ya kuyatumia.

Kwa mahali ambapo umeme hukatika, au haujafika, chagua kambare badala ya sato. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo anavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Watano au sita wanatosha kwa pipa moja, wawe wa ukubwa unaolingana, la sivyo mkubwa atamla mdogo. Badala ya pampu tumia ndoo: asubuhi, mchana na jioni chota maji ya pipa, yamwage taratibu juu ya kokoto, yaache yashuke yenyewe. Ndoo kumi kila mara ni kazi ya dakika chache.

Wiki ya kwanza otesha miche na weka samaki wawili tu, kwa chakula kidogo sana. Ukiona wanakuja juu kuhema kuliko kawaida au wanakataa kula, acha kuwalisha na badilisha theluthi ya maji. Baada ya wiki sita ongeza waliobaki. Vifaranga vichukue mahali panapojulikana. Muulize afisa uvuvi wa wilaya au afisa ugani wa kata. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, kikiwemo cha Rubambagwe, wilayani Chato. Usichote vifaranga mtoni.

Matunzo ni ya kila siku kama ya mtoto. Kila siku angalia samaki wanavyokula. Chakula kisichoisha ndani ya dakika 15 kitoe, ndicho kinachooza na kuwa amonia. Jaza maji yaliyopungua. Kila wiki toa majani yaliyokufa na safisha bomba la kurudisha maji. Usioshe kokoto zote kwa wakati mmoja, utawaua bakteria. Usinyunyize dawa ya wadudu kwenye mboga, itashuka kwa samaki na kurudi kwenu mezani. Wadudu waondoe kwa mkono. Wala usiweke vidonge vya antibayotiki kwenye maji samaki wakiugua. Hilo hutengeneza vijidudu sugu, na siku mtoto akiugua, dawa hiyo inaweza kushindwa kumtibu.

Yanayonitia hofu kama daktari

La kwanza ni kuzama. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, kimyakimya, ndani ya dakika mama alizoingia jikoni kugeuza ugali. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake mdogo, akiinama kuangalia samaki hutumbukia na hawezi kujiinua. Kila tanki au pipa liwe na mfuniko wa wavu wa chuma uliofungwa, wenye uwezo wa kubeba uzito wa mtoto. Pasiwe na kigoda, tofali wala ndoo iliyopinduliwa karibu yake. Kama huwezi kununua wavu, usijenge tanki. Kwenye hili sina mjadala.

Mtoto akitumbukia, mtoe, ita msaada, mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu chake, mpulizie hewa mara tano mdomoni na puani, kisha mbonyeze katikati ya kifua mara 30, mpulizie mara mbili, endelea hivyo hadi apumue au ufike kwenye msaada. Usimshike miguu kichwa kikiwa chini, wala usimkamue tumbo ili “maji yatoke”. Unapoteza dakika anazohitaji hewa, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Hata akiamka na kulia, mpeleke hospitali, kwa kuwa shida ya kupumua inaweza kumjia saa chache baadaye.

La pili ni mbu. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kwenye pipa la samaki, viluwiluwi vya mbu huliwa. Hatari ipo kwenye ndoo, mitaro na mapipa ya akiba yaliyotuama pembeni. Funika au mwaga kila wiki. Maji kwenye kitanda yasionekane juu ya kokoto, yabaki sentimita tano chini yake.

La tatu ni kichocho. Sisi wa ukanda wa Ziwa tunakifahamu. Vimelea vyake hukaa kwenye konokono wa majini. Usichukue magugu wala maji ya ziwani au bwawani na kuyatia moja kwa moja kwenye tanki. Maji ya bwawa yakikaa siku mbili kamili bila konokono, vimelea vinavyopenya kwenye ngozi hufa. Konokono ukiwaona watoe kwa kijiko, si kwa mkono mtupu.

La nne ni kinyesi. Samaki hawabebi vijidudu vya tumbo kama sisi na kuku, lakini mikono yetu na kuku wanaolala juu ya kitanda cha mboga wanavileta. Usiweke samadi kwenye mfumo huu. Funga kuku mbali. Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kugusa maji. Mboga zipikwe, na za kula mbichi zioshwe kwa maji safi ya kunywa.

La tano, maji ya tanki si ya kupikia uji, kuogeshea mtoto wala kuchanganyia maziwa. Yana naitreti nyingi, na kwa mtoto mchanga naitreti huzuia damu kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu.

La sita ni vidonda. Mwenye kisukari, au anayeishi na VVU, au mwenye kidonda chochote mkononi, avae glavu za mpira. Kuna bakteria wa majini wanaoingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona kwa wiki nyingi. Ukija kwetu na uvimbe wa namna hiyo, tuambie kwamba unafuga samaki. Bila kauli hiyo tunaweza kukupa dawa zisizofaa kwa miezi.

Na kama utatumia umeme, maji na waya ni maadui. Pampu ndogo ya volti 12 ya sola ni salama zaidi kuliko waya wa nyumbani uliovutwa uani kwa kuungaunga.

Neno kwa wenzangu wa kliniki

Nimemwandikia baba wa Mugoma, lakini barua hii inatuhusu sisi wa makoti meupe zaidi. “Mpe samaki na mboga” ni ushauri sahihi usio na bei, usio na soko na usio na jina la chakula kilichopo nyumbani kwa mzazi. Mzazi mwenye upendo akiusikia hivyo, anakwenda kuuza mbuzi. Nimewahi kuutoa mimi mwenyewe, mara nyingi, foleni ikiwa ndefu. Nilikuwa sijajiuliza mzazi anafanya nini akifika nyumbani.

Tungeuliza maswali matatu tu: Nyumbani mna nini leo? Nani anamlisha mtoto mchana, mama akiwa shambani? Mtoto anakula bakuli lake mwenyewe au anagombania sinia na wakubwa? Majibu yake huchukua dakika tatu na yana faida kuliko karatasi nzima ya makundi ya vyakula. Na maofisa lishe na maofisa uvuvi wa wilaya wakikaa meza moja, mzazi anayetaka tanki atapewa hesabu ya sahani kabla ya kupewa bei ya fundi.

Nilimtumia baba yule jibu hili kabla halijachapishwa. Alinipigia. Mbuzi mmoja ana maziwa, hakuwa amefikiria kumpa mtoto, walikuwa wanauza. Yule wa pili amesema atabaki kwa dharura ya hospitali, na nimemuunga mkono. Dagaa wamenunua kisado kimoja Benaco, mama anatwanga. Utepe wa wiki iliyopita bado ulisoma njano, ila umesogea milimita tatu kuelekea kijani.

Kisha akaniuliza, “Na pipa, daktari?” Nimemwambia aanze kutafuta wavu wa kufunika. Akiupata, tutazungumza habari ya kambare.